Bakuli la Sesilia Mwisho wa Mstari

Kabla Marehemu Sesilia Aloyce Kimaro hajawa mke wa mtu na mama wa watu katika mji huu wa London, alikuwa mteja msumbufu. Ndivyo alivyomjia Haika Mlay kwa mara ya kwanza, Jumamosi moja ya Novemba 1997, Kilburn, jua likiwa limeshaaga mchana mchana kama desturi ya huku. Haika alikuwa na meza ya mboga kando ya barabara kuu, na siku hiyo alibakiwa na boksi la kabichi za Kichina, zile ndefu zenye majani mepesi, ambazo Watanzania wenzake walizipita kama hawazioni. Akatokea dada mwembamba, koti si saizi yake, mikono imebabuka kwa sabuni ya vyombo. Akainua kabichi moja, akaipindua, akaibonyeza shina.

"Hizi zimeanza kulala, dada."

"Zimelala kwa kukusubiri wewe. Chukua boksi zima nikufungashie."

"Nikichukua zima unanipa nini?"

"Nikupe nini tena? Si nakupa kabichi!"

"Nipe boksi leo. Jumamosi ijayo nakuletea chupa ya kitu ambacho hujawahi kula. Usipokipenda, nitakubebea maboksi yako mpaka kwenye gari, majira yote ya baridi."

Haika hakuwa mtu wa kudanganyika na maneno ya barabarani. Alikubali kwa sababu boksi lile lilikuwa linakwenda jalalani, na kitu kinachokwenda jalalani ukikibadilisha hata na ahadi hujapoteza. Jumamosi iliyofuata yule dada alirudi na chupa yenye kabichi nyekundu iliyolowa pilipili, chapati baridi mbili na yai la kuchemsha. "Hii haipendi kuliwa peke yake," alisema. Akalipasua yai juu ya chapati, akalaza utepe mmoja wa kabichi, akakunja. Haika alikula amesimama, machozi yakimtoka kwa ukali, na kabla hajameza akanyoosha mkono kuomba ya pili. Ya pili hakuipata. Kaka yake, Humphrey, aliyekuja kupakia gari, alikuwa ameshaimaliza na anamuuliza dada yule anakaa wapi.

Ndiyo maana Haika amekuwa akisema miaka yote hii kwamba yeye alimuuzia Sesilia kabichi, na kaka yake akatoka kama nyongeza. Sesilia alikuwa hanunui kitu bila kudai nyongeza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1966 huko Kirua Vunjo, Moshi, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Aloyce Kimaro na Mama Felista, ambao wote wametangulia. Mama Felista alipika mbege, pombe ya ndizi, na kazi ya Sesilia tangu akiwa mdogo ilikuwa kukaa karibu na pipa la ndizi zilizochemshwa na kusikiliza. Pipa lililo tayari, alieleza baadaye, lina sauti yake, kama sufuria inayonong'ona. Kwa hiyo kuchacha hakukuwa jambo geni kwake. Watu wa hapa London walipomshangaa kwa kuchachusha kabichi, aliwauliza kama mbege ya kwao huchachushwa na malaika.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kirua kuanzia 1974 hadi 1980, kisha sekondari ya wasichana mjini Moshi, akamaliza kidato cha nne mwaka 1984. Somo alilolipenda lilikuwa Sayansi Kimu. Mwalimu wake aliwahi kumtoa nje kwa kubisha kwamba kachumbari iliyolala ni tamu kuliko ya leo. Akatoka, na kachumbari akaondoka nayo. Mwaka 1986 na 1987 alijifunza upishi Arusha, akafanya kazi katika jikoni la hoteli ya watalii huko huko mpaka alipopata nafasi ya kuja kusoma Uingereza, Septemba 1996. Masomo hayakufika mbali. Ada ilikuwa na meno kuliko mwanafunzi.

Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa kuosha vyombo kwenye mgahawa wa Wakorea, New Malden. Mama mzazi wa mwenye mgahawa, kikongwe asiye na Kiswahili wala Kiingereza cha kutosha, alikuwa akitengeneza kimchi, kabichi yao ya kuchachushwa, uani kila wiki, na siku moja mwenzake wa kumsaidia hakufika. Sesilia alikunja mikono ya sweta. Yule mama alimfundisha kwa kofi la kiganjani: ukizidisha chumvi, kofi, ukiacha jani moja bila kulipaka, kofi. Kukata, kulaza kwenye chumvi, kusuuza, kukamua, kupaka uji mzito wa unga wa mchele uliochanganywa pilipili, saumu na tangawizi, kisha kugandamiza kwenye chupa mpaka hewa yote itoke. Wakorea hutia samaki waliooza kwa chumvi. Sesilia alikuja na dagaa wa Mwanza waliokaangwa bila mafuta na kusagwa. Kikongwe alinusa mfuko, akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akauchukua mfuko wote na hakuurudisha. Hiyo ndiyo shahada pekee ambayo Sesilia aliipata London.

Kutengeneza alifundishwa. Kuipakua pamoja na chakula chetu cha kila siku alijifunza mwenyewe, na hapo hakuwa na mwalimu wala mpinzani. Alisema kimchi ina umri kama mtu, na kila umri una mwenza wake. Ile changa, ya siku chache, bado inalia ukiitafuna, aliiweka pale ambapo wengine huweka kachumbari: pembeni mwa nyama choma, samaki wa kukaanga, ndizi za kuchoma. Ya makamo aliipeleka kwenye ugali na maharage, kwa sababu maharage ni mazito na yanahitaji mtu wa kuyaamsha. Lakini katika kibakuli chake, si juu ya ugali wa moto, kwani moto unaichosha. Iliyozeeka, chachu mpaka meno yanasisimka, ndiyo pekee aliyoiruhusu kugusa kikaango: kwenye chipsi mayai, au kwenye wali wa jana. Mtori, ile supu nzito ya ndizi, hakuupa kabisa. "Mtori ni chakula cha mzazi," alisema, "mwacheni mzazi apumzike."

Wageni walimwelewa upesi kuliko sisi, na hilo lisemwe hapa hapa. Bi. Nurjehan wa Rayners Lane, mwenye duka karibu na stesheni, mzaliwa wa Tanga, aliuliza swali moja tu, kama ndani kuna pombe. Alipoambiwa hamna, alichovya kipande cha mogo, muhogo wa kukaanga, kwenye maji mekundu ya chupa, akatafuna, akasema, "Lakini hii achari tu, mbona mnaiogopa?" Siku hiyo hiyo akamsafishia rafu kwenye friji lake. Bi. Nurjehan yupo nasi leo, amesimama nyuma kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kiti. Pale mbele kuna viti.

Sesilia na Humphrey Mlay walifunga ndoa Jumamosi tarehe 19 Juni 1999, wakaenda kuishi Queensbury katika nyumba ya familia. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lilian, aliyezaliwa mwaka 2000, na Nickson, mwaka 2003. Ilikuwa ndoa ya amani. Kwa wanaojua, amani ya nyumba ile ilipatikana kwa mtu mmoja kunyamaza.

Wanaotoka nje ya familia waelezwe kitu kimoja. Nyumbani kwa akina Mlay, kila Krismasi na kila Pasaka, sufuria hupangwa juu ya meza ndefu, na kila mke ana yake. Chakula hakiitwi kwa jina lake, huitwa kwa jina la mpishi: pilau ya fulani, kuku wa fulani. Mwanzo wa mstari hukaa machalari, ndizi na nyama, ya Mama Aikande Mlay, mama mkwe wa marehemu na mama mzazi wa Haika na Humphrey. Mke mpya huleta chakula chake, Mama anaonja, anasema, "Iwekwe." Basi, ameshakuwa mwenyeji. Asiyekuwa na sufuria mstarini huosha vyombo.

Krismasi ya 1999 Sesilia alileta samaki wa kukaanga, kwa kusindikiza tu. Mwenyewe hasa alikuwa bakuli la udongo lenye kimchi aliyoipima iive siku hiyo. Mama aliinua kifuniko. Akakirudisha.

"Huyu ametuletea kitu kilichokufa," alisema. "Kiondoeni kisiniharibie machalari."

"Mama, haijafa, imechacha. Si hata mbege imechacha?"

"Mbege ni ya mababu. Hii ni ya nani?"

Sesilia alimtazama mumewe. Humphrey alikuwa akiitazama sahani. Bakuli likapelekwa jikoni, na mwenye bakuli akalifuata, akawasha bomba la maji ya moto. Baadaye Humphrey aliingia huko jikoni, akala kimchi na kiporo cha ugali, amesimama, mgongo ameupa mlango. "Tamu sana, mke wangu," alisema. "Ila usimwambie Mama."

Haika alimpa ushauri wa biashara. "Wifi, pika sambusa uingie mstarini. Ukishaingia, kabichi tutaipenyeza pole pole."

"Sambusa anapika kila mtu," Sesilia alijibu, mikono kwenye povu. "Nikiingia na sambusa, atakayekuwa ameingia si mimi."

Ndilo jambo alilolitaka maishani, wala hakulificha: bakuli lile, kama lilivyo, liwekwe kwenye mstari na liitwe la Sesilia. Hakutaka nyumba kubwa, hakutaka gari. Alileta bakuli Pasaka, akalileta Krismasi nyingine, likawa linarudi jikoni. Wake wa mashemeji walioolewa nyuma yake walikuja na makaroni, na makaroni yakawekwa.

Mwaka 2001 aliajiriwa jikoni katika hospitali moja ya kaskazini magharibi ya mji huu, akapanda kutoka kumenya viazi hadi kusimamia zamu. Alifanya kazi hapo mpaka mwishoni mwa 2023. Katika chumba cha chakula cha wafanyakazi, chupa yake ilizunguka mezani kama chumvi. Wauguzi waliweka kimchi juu ya viazi vya kuoka na maharage ya kopo. Mapota, wale wasukuma vitanda vya wagonjwa, wakaibana katikati ya mkate na jibini wakachoma. Pacifique, Mkongo wa zamu ya asubuhi, alikula na fufu na kumwita "mama wa pilipili". Huko, kwa watu wa mataifa yote, hakuna aliyemwuliza hii ni ya nani. Walijua ni ya Sesilia. Kisha alipanda treni akarudi Queensbury.

Mwaka 2011 mikono ya Mama Aikande iliingiwa na ugonjwa wa viungo, kisu kikawa hakishikiki. Mstari ungeanza na nini? Sesilia alimenya ndizi, akakata nyama, akapika machalari, akabeba sufuria akaiweka mwanzo wa meza. Watu wakala wakasema, "Machalari ya Mama haina mfano." Mama akaitikia, "Asanteni wanangu." Mwaka uliofuata hivyo hivyo, na miaka yote iliyofuata. Familia nzima ilijua. Aliyepika sufuria ya kwanza ya mstari aliondoka mezani akaenda kuosha vyombo, kwa kuwa hakuwa na sufuria.

Tarehe 12 Agosti 2023 ilikuwa sendofu ya Lilian, sherehe ya kumwaga bibi harusi, katika ukumbi pale Queensbury. Mama wa bibi harusi ana haki ya kuweka chakula, hilo hata Mama Aikande hakuweza kulipinga. Sesilia alihesabu nyuma kutoka siku ya sherehe, akatengeneza ndoo za kimchi changa ziive asubuhi ile, zikae kando ya ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, na nyama choma. Alizifikisha ukumbini mwenyewe, akaenda kuvaa.

Kamati ya chakula ilifungua ndoo ya kwanza. Harufu ikatangulia. Kina mama wakarudi nyuma wameziba pua kwa khanga, na Mama Aikande, aliyekuwa ameketi kwenye kiti katikati ya jikoni, akatoa hukumu: imeoza, itawaumiza wageni, ila kabichi yote hiyo haiwezi kutupwa. Iokolewe. Ikaitwa mikono ya Muhiddin, mpishi wa pilau kutoka Unguja, mtu mcheshi na hodari.

"Mama, hii ishakufa zamani," Muhiddin alisema, akiwasha jiko. "Mie n'takachofanya ni kuizika kwa heshima." Akaisuuza pilipili kwenye bomba, akamimina mafuta, vitunguu, nyanya, karoti na bizari, akaikaanga ndoo baada ya ndoo kama kabichi ya kwetu ya siku zote.

Sesilia alikuwa meza kuu, gauni la dhahabu, kilemba. Aliona masinia ya moto yakipita, akaijua kwa jani lake. Wageni walirudia, wakarudia tena. Mshereheshaji alishika kipaza sauti akamshukuru Mama Aikande kwa kabichi ya kihistoria, ukumbi ukapiga vigelegele. Lilian alimwinamia mama yake akamwambia, kwa Kiingereza kama kawaida yao, kwamba safari hii imekuwa tamu kweli, kwa nini hajawahi kuipika hivi?

Haika alimfuata nyuma ya pazia. "Wifi, imekwisha yote. Chakula kinachokwisha ni chakula kizuri."

"Iliyokaangwa ni changa, Haika. Changa haikaangwi. Wameila maiti, wakaisifia."

"Wameisifia lakini."

"Wamemsifia nani?"

Haika akauliza swali la maana zaidi, kama zinaweza kupatikana ndoo nyingine. Watu walikuwa wameshaanza kumwuliza. Ndivyo meza ya Haika ya Kilburn, ambayo siku hizi ni duka, ilivyoanza kuuza kabichi ya sendofu kwenye vikontena, na inaendelea kuuzika hadi leo. Sesilia alileta chupa, lakini zile za kizee tu, zinazostahili kikaango. "Changa zangu hutazipata," alimwambia. "Zina mahali zinakwenda." Walibishana kila wiki kama kawaida yao, na kila wiki alidai nyongeza: karoti, tangawizi, chochote. Hakuondoka mikono mitupu.

Novemba ya mwaka huo huo alianza kuumwa tumbo na mgongo. Vipimo vilionyesha saratani ya kongosho. Alitibiwa kwa zaidi ya mwaka, na wahudumu wa hospitali wanashukuriwa kwa utu wao. Kuna maneno yamezunguka kwenye simu za watu kwamba kabichi ndiyo iliyomwua. Daktari aliyemtibu hakuitaja kabichi hata siku moja. Wenye maneno hayo wengi wao walirudia sahani kwenye sendofu, na wako hai, wamevaa vizuri.

Katikati ya Januari mwaka huu alimwita Haika nyumbani. Alikuwa amelazwa sebuleni, kitanda cha hospitali kimesogezwa karibu na dirisha. Haika alikuja na mtori, akaukataa kwa mkono.

"Kaa, tufanye biashara. Unaitaka namna ya kutengeneza."

"Naitaka," Haika alisema. Hakuona sababu ya kuzunguka.

"Nitakufundisha yote, mpaka dagaa. Na ile rafu ya Nurjehan itakuwa yako, nimeshaongea naye. Mimi nataka viwili. Cha kwanza, nizikwe hapa hapa London. Kwenye kihamba cha akina Mlay kule nyumbani Tanzania sitaki. Nimekaa kwenye jikoni la watu maisha yangu yote, sitakwenda kulala kwenye shamba lao."

"Humphrey atalia."

"Atalia jikoni. Cha pili, siku ya maziko yangu bakuli liwe kwenye mstari. Changa, mbichi, isikaangwe. Na jina langu."

"La kaburi nitaliweza. La bakuli, wifi, Mama hatakubali. Unamjua."

"Ndiyo maana nimekuita wewe," Sesilia alisema. "Ningetaka maombi ningemwita padri."

Haika alitaka kuondoka na mafunzo kwanza, amalize masharti baadaye. Sesilia akamtazama vile vile kama alivyozitazama zile kabichi za Kilburn. Basi masharti yakaanza. Haika alikwenda chumbani kwa mama yake, kwenye nyumba hiyo hiyo, akafunga mlango.

"Msiba wa nyumba yangu hautanuka," Mama Aikande alisema.

"Mama, msiba si wako. Na machalari siku hiyo atapika nani?"

Mama aliitazama mikono yake.

"Nitauandika wasifu mimi," Haika alisema. "Nikifika kwenye machalari, nitaandika jina la mpishi."

"Andika. Nitakuwa nimeketi mbele, nakusikiliza." Akavuta shuka. "Bakuli liwekwe mwisho, baada ya matunda. Na mimi sili."

"Mwisho, lakini na jina."

"Na jina. Toka, nilale."

Haika alirudi sebuleni na kile alichokipata. Sesilia akauliza, "Mwisho wa mstari ni mstari?"

"Ni mstari."

"Haya. Lete kabichi."

Alifundisha akiwa amelala, kwa sauti na kwa kofi la kiganjani. Chupa ya kwanza ya Haika iliharibika. Ya pili Sesilia aliionja kwa ncha ya kijiko, ndicho chakula cha mwisho alichokiomba mwenyewe, akasema, "Hii inauzika." Hakusema ni tamu. Aliaga dunia Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, asubuhi, nyumbani Queensbury, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Baada ya maziko chakula kitakuwa ukumbini. Mwishoni mwa meza, baada ya matunda, kuna bakuli la udongo lenye kimchi changa, na kikaratasi kimeandikwa "ya Sesilia". Ichukuliwe kidogo, pembeni mwa nyama, isimwagiwe mchuzi wa moto. Anayeiogopa apite, lakini asizibe pua mbele ya watoto wake. Machalari leo haipo. Atakayeuliza imekwenda wapi, mpishi wake ndiye huyu aliyelala hapa mbele yetu, ndiye aliyeipika tangu 2011, na mwenye sufuria ameketi mbele na amesikia.

Hesabu ya mapatano haya ni fupi. Mama Aikande amepoteza mwanzo wa mstari. Humphrey amebaki na friji lenye chupa chache ambazo hajawahi kula akiwa ameketi. Haika amepata namna ya kutengeneza, rafu ya Rayners Lane na wateja wake, na amepoteza mteja pekee aliyeweza kumshinda kwenye meza yake mwenyewe. Sesilia amepata viwili alivyovidai, ardhi isiyo ya akina Mlay na bakuli lenye jina lake, na amevipata vyote viwili leo, siku ambayo hana mikono ya kuvipokea. Safari hii hakudai nyongeza.

Marehemu ameacha mume, Humphrey Mlay. Watoto wawili, Lilian na Nickson. Mkwe mmoja, Francis. Mama mkwe, Mama Aikande Mlay. Dada zake wawili walioko Kirua Vunjo. Mashemeji na wake zao. Na wifi mmoja, Haika.

Sesilia, lala pasipo na jiko. Vyombo vya leo tutaosha sisi.